Sweta Nyekundu za Mwaka wa Vita

Habari za kifo chake nilizipata Jumanne asubuhi, nikiwa nachambua mchele. Mjukuu wake alinipigia simu kutoka Ngara, akanisalimu shikamoo, kisha akasema, "Mwalimu, bibi ametuacha jana jioni. Alituachia neno kwamba siku akiondoka wewe upigiwe simu." Nikamuuliza alikuwa anaumwa nini. Akasema hakuwa na ugonjwa wa kutajika, alikuwa amechoka tu, na kwamba wangemzika kesho yake kwa kuwa mvua zimeharibu barabara na ndugu wa mbali hawatafika hata wakisubiriwa. Mimi ni mmoja wa hao wa mbali, na miguu yangu hainiruhusu tena safari ya namna ile. Kwa hiyo nafanya ninachoweza kukifanya nikiwa nimekaa, nacho ni kuandika. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba katika safu hii sitaji majina ya watu. Leo nina sababu zaidi ya kutoyataja, maana habari nitakayoisimulia inaniaibisha mimi kuliko mtu mwingine yeyote aliyemo ndani yake.

Alikuwa mfumaji wa sweta za watoto. Kwao ni Ntobeye, Mhangaza kama majirani zake wote, lakini sehemu kubwa ya ujana wake aliipitishia Uganda. Vijana watashangaa, ila zamani wanaume wa Ngara walikuwa wakitembea kwa miguu hadi Buganda kutafuta kazi katika mashamba ya kahawa na pamba, na baadhi walikwenda na wake zao. Yeye alikwenda na mumewe. Mume alilima, na mke akapata kazi ya kulea watoto kwa mama mmoja wa Kiganda aliyekuwa akifuma sweta za wanafunzi na kuziuza. Mtoto akishalala, yule mama alimkalisha kando yake akampa sindano mbili. Ndiyo shule pekee aliyowahi kusoma maishani mwake. Mumewe alifia huko kwa homa, naye akarudi nyumbani na binti mmoja mgongoni, blanketi, sweta moja ya kijani aliyojifumia mwenyewe, na sindano nne zilizofungwa kwenye kitambaa. Kwamba alifundishwa na Mganda lilikuwa jambo dogo sana wakati ule. Baadaye lilikuwa kubwa kuliko sisi sote.

Mimi nilifika kijijini kwao nikiwa na miaka ishirini na miwili, mwalimu mpya, mzaliwa wa Biharamulo mjini ambaye hakuwahi kuishi mahali pasipo na soko. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka migombani kwao, ambako kila familia ilikuwa imejificha ndani ya majani yake, wakapangwa juu ya mgongo wa kilima, nyumba kwa nyumba, kwa mstari ulionyooka kana kwamba umepigwa kamba. Sina ugomvi na wazo la vijiji vya ujamaa. Nililiamini, na shule niliyofundisha isingekuwepo bila wazo hilo. Lakini waliokuja kuchagua mahali pale walikuja mchana wa jua. Hawakukaa wakaona jinsi ukungu unavyopanda alfajiri kutoka bondeni ukaingia hadi chini ya vitanda, wala jinsi upepo unavyopita juu ya kilima kisicho na mgomba hata mmoja wa kuuzuia. Msimu wa kwanza wa baridi, mtoto wa jirani wa mfumaji, mwenye miaka minne, alikufa kwa kichomi. Yeye alikuwa mmoja wa wanawake waliomwosha. Aliniambia kwamba walipomvua walikuta fulana moja tu yenye matundu. Akaenda ndani kwake, akaitoa ile sweta ya kijani, akaifumua yote kuanzia shingoni hadi kwenye pindo, na kwa uzi wake akawafumia wadogo wa marehemu sweta tatu. "Mimi ngozi yangu imeshakuwa nene," alisema nilipomuuliza yeye sasa atavaa nini.

Tangu hapo akawa na kazi. Kina mama walimletea sweta kuukuu zilizochanika viwiko, naye alizifumua, akaosha uzi, akautundikia jiwe ili unyooke, akafuma upya. Sindano moja ilipovunjika alitengeneza nyingine kwa spoku za baiskeli, akizisugua kwenye jiwe hadi ncha zisikwaruze. Mara nyingi alikaa kwenye baraza la darasa la chekechea, ambalo nililisimamia, kwa sababu pale palikuwa na mwanga, na watoto walikuwa karibu kwa kupimwa. Midomo yake haikutulia. Alikuwa anahesabu vitanzi vya uzi kwenye sindano, na alihesabu kwa Kiganda kama alivyofundishwa, kwa sauti ya chini ambayo wale wadogo waliizoea hata wengine wakawa wanasinzia kwa kuisikiliza.

Sweta kuukuu hazikutosha. Nilipokwenda nyumbani likizo nilipita katika duka moja karibu na soko la Biharamulo, na ingawa nchi ilikuwa na uhaba wa kila kitu, nilikuta uzi wa sweta wa rangi mbili, wa kijivu na mwekundu. Mwenye duka alinishauri nichukue wa kijivu kwa kuwa hauonyeshi uchafu. Nikachukua mwekundu, wote aliokuwa nao. Nilikuwa msichana, nilitaka watoto wangu wapendeze. Nililipa kwa mshahara wangu, na nilipomkabidhi nilimwomba asimwambie mtu umetoka wapi, maana sikutaka wazazi waseme mwalimu mgeni anajionyesha. Akakubali kwa kutikisa kichwa. Alifuma kwa muda wa miezi minne. Zilipotimia thelathini na moja, kila mtoto wa chekechea alikuwa na yake, na asubuhi walipokuwa wakipanda kilima kuja shuleni ungewaona wakitokea ndani ya ukungu mmoja mmoja, kama makaa yanayopulizwa. Nakiri nilijivuna.

Kisha vita ikaja. Ngara haikuwa uwanja wa mapigano, na vijana wakisikia hivyo hudhani sisi hatukuogopa. Tuliogopa kwa namna ya watu waliojifungia chumbani na kusikia vishindo nje: hatukuona kitu, tulisikia tu. Kijiji kilikuwa na redio moja ya kutegemewa, na waliokuwa karibu nayo waliwasimulia waliokuwa mbali, na hadi habari ifike mwisho wa mstari wa nyumba ilikuwa imeota pembe. Tulisikia nduli, ndivyo tulivyomwita mtawala wa Uganda, amevuka mpaka na kushika nchi yote iliyo ng'ambo ya Mto Kagera. Tulisikia mabomu yameangushwa Bukoba. Wanaume wakachimba mahandaki nyuma ya shule. Kamanda wa mgambo alipita nyumba kwa nyumba akiagiza mabati yafunikwe majani na shuka nyeupe zisianikwe nje. Niliwafundisha watoto kukimbilia handaki nikipiga filimbi, na kwao ulikuwa mchezo mzuri. Waliniomba niipige tena.

Siku ndege ilipopita kweli, ilikuwa yapata saa nne asubuhi na watoto walikuwa uwanjani. Sauti ilianza kama nyuki ndani ya mzinga, ikakua hadi nikaisikia kifuani. Nikapiga filimbi. Hawakwenda handakini. Walitawanyika kila upande, wengine wakielekea kwao, wengine wakizunguka tu bila kujua waendako, na mimi nilisimama mlangoni nikiwa nimeshindwa kuinua mguu. Jambo ninaloliona hadi leo nikifumba macho ni kwamba niliweza kuwaona wote. Majani yalikuwa mabichi baada ya mvua, na juu ya ule ukijani, hadi mwisho wa uwanja na kuteremka bondeni, zilionekana nukta nyekundu zikikimbia. Ningeweza kuzihesabu. Nikawaza, kama mimi niliye chini naziona hivi, yule aliye juu anazionaje? Na mara hiyohiyo nikawaza kwamba niliyechagua rangi ni mimi. Ndege ilipita juu sana, ikaendelea na safari yake, wala haikuangusha kitu. Hadi leo sijui ilikuwa ya nani. Nilipoketi chini niligundua kwamba nilikuwa nimeiuma filimbi hadi ufizi ukatoa damu.

Kabla ya saa nane mchana kina mama walikuwa wamewavua watoto zile sweta, wakaja kuzirundika kwenye baraza la chekechea. Mama mmoja aliitupa ya mwanawe miguuni pangu kama mtu anayetupa nyoka. Watoto walilia, wamebaki na fulana, na mvua inanyesha. Kamanda akazitia zote ndani ya gunia. Hapo maneno yakaanza. Nani alifuma? Nani aliishi Uganda? Nani hukaa barazani akinong'ona lugha isiyojulikana? Mtu akasema lisemwalo lipo, na baada ya hapo hakuna aliyehitaji kusema zaidi. Mimi nimefundisha methali hiyo miaka mingi, na kila nilipoiandika ubaoni mkono wangu ulisita, kwa sababu siku ile niliona jinsi inavyoweza kumtia mtu hatiani bila shahidi.

Mkutano ulifanyika asubuhi iliyofuata ndani ya ghala la kijiji. Mwenyekiti alikuwa mtu mwema, na watoto wake wawili walikuwa miongoni mwa waliovaa zile sweta. Labda ndiyo maana aliogopa zaidi. Mimi niliketi mbele, kwenye benchi la kamati, daftari magotini, kwa kuwa ndimi niliyekuwa nikiandika muhtasari wa mikutano. Mfumaji alisimama katikati, mikono ameificha ndani ya khanga.

"Mama, hizi sweta ulifuma wewe?" mwenyekiti aliuliza.

"Nilifuma mimi."

"Kwa nini nyekundu?"

"Uzi ulikuwa mwekundu."

Mzee mmoja aliyekaa nyuma alisema, kwa lafudhi ya kwetu inayobadilisha r kuwa l, "Ndege inatafuta langi. Huyu ameipa langi." Watu wakaitikia kwa kuguna. Kisha mwanamke mmoja, jirani yake wa karibu, akasimama. Ni yule aliyefiwa na mtoto, yule ambaye watoto wake waliobaki walifumiwa kwa uzi wa sweta ya kijani. Alisema bila kumtazama, "Mimi namsikia. Akifuma anaongea peke yake. Si Kihangaza, si Kiswahili."

"Nahesabu vitanzi," mfumaji alijibu.

"Hesabu tusikie," kamanda wa mgambo alisema.

Akaitoa mikono ndani ya khanga. Vidole alivishika kana kwamba ana sindano, nadhani kwa sababu hakuweza kuhesabu bila kufanya hivyo. "Emu," alisema. "Bbiri. Ssatu. Nnya. Ttaano." Watu walirudi nyuma. Sisemi kwa mfano: nilisikia nyayo zao zikirudi nyuma kwenye sakafu ya udongo. Kuna aliyesema, "Kiganda." Naye akasimama pale, vidole hewani, akajitetea kwa sentensi moja, kwamba ndivyo alivyofundishwa na hajui kuhesabu vitanzi kwa namna nyingine.

Ndipo kamanda akauliza, "Uzi alikupa nani?"

Nilikuwa hatua tatu kutoka pale alipo. Kalamu yangu ilikuwa imeshaliandika lile swali, ikasubiri jibu. Nilijua kwamba neno langu moja lingebadilisha kila kitu, na nilijua pia kwamba lingeweza kunisimamisha kando yake. Nilijiambia kwamba nitazungumza baadaye na mwenyekiti, faraghani, watu wakishatulia.

"Nilinunua," mfumaji alisema. "Kwa mchuuzi aliyepita."

"Jina lake nani?"

"Simjui."

Nikaandika. Niliandika uongo nikijua ni uongo, kwa mwandiko mzuri wa chuo cha ualimu, nikaweka na nukta mwishoni.

Ikaamuliwa apelekwe kuhojiwa. Kutoka Ngara mjini yalikuja maagizo kwamba mambo ya namna hiyo kwa siku zile yanapelekwa Biharamulo, walikokuwa wakipokewa na kuhojiwa watu waliokimbia kutoka kaskazini. Nikateuliwa mimi kumsindikiza, eti kwa sababu nina muhtasari na kwetu ni huko, pamoja na mgambo mmoja mtu mzima mwenye bunduki kuukuu. Binti wa mfumaji alibaki kwa ndugu. Tulipata lori lililobeba maharage. Tulipanda juu ya magunia, na yeye akakalia lile gunia la sweta, la ushahidi, kwa sababu mengine yote yalikuwa yamelowa. Lori likaingia katika lile pori refu lililo kati ya Ngara na Biharamulo, ambako hata wakati wa amani madereva hawakupenda kusimama. Muda wote nilitazama juu. Mawingu yalikuwa mazito, na kila mara nilidhani nimesikia kitu ndani yake.

"Mama," nilimwambia baada ya mwendo mrefu, "tukifika nitasema."

"Utasema nini, mwalimu?"

Mgambo aligeuza kichwa. Nikarudisha macho mawinguni.

Katikati ya pori tulikuta lori jingine limezama kwenye tope na kuziba njia. Lilikuwa limejaa watu waliotoka kaskazini. Wengine walikuwa wametembea siku nyingi kabla ya kulipata, na sasa walikuwa wameteremka, wamejibanza chini yake wakijikinga na mvua, pamoja na magodoro na masufuria. Wanaume walikuwa wakikata matawi ya kutia chini ya magurudumu. Watoto walikuwa wengi, wamelowa, na hawakulia, jambo lililonitisha kuliko kilio. Mama mmoja alikuwa amepakata wawili, na mdogo midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya jivu. Mfumaji alimtazama yule mtoto kwa muda. Akashuka kwenye lori bila kumwomba mtu ruhusa, akaninyooshea mkono.

"Mwalimu, nishushie hilo gunia unifungulie."

"Ni ushahidi, mama."

"Najua ni ushahidi. Nifungulie."

"Mimi nitajibu nini huko?" mgambo aliuliza, na sauti yake haikuwa ya ukali, alikuwa anauliza kweli.

Nikatazama tena juu. Njia ilikuwa wazi, miti iko mbali pande zote mbili. "Na ndege ikija?" nilisema.

"Ndege labda itakuja," mfumaji alinijibu. "Baridi imeshafika."

Nikalishusha. Vidole vyangu vilikataa fundo, nikalifungua kwa meno. Aliwavalisha mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, akichagua ukubwa kwa kutazama tu, akivuta mikono ifike kwenye viganja. Yule mdogo wa midomo ya jivu alipoanza kulia, akamshika vidole akavihesabu kwa Kiganda, kimoja kimoja, na mama yake, aliyetoka karibu na mpaka, akaendeleza hesabu pale alipoishia. Mgambo alisikia. Akageuka akatazama upande wa pori. Gunia likawa tupu, na njia nzima ikajaa nyekundu.

Hapo ndipo tukasikia mngurumo. Watu walijitupa chini bila kuambiwa. Mimi nilijikuta kifudifudi ndani ya mtaro wa maji, nimefunika kichwa kwa lile daftari la muhtasari, na nilipochungulia nilimwona yeye amelala juu ya watoto wawili, ametandaza khanga yake kuifunika ile rangi. Mngurumo ukakaribia, ukawa mkubwa, ukawa wa magurudumu. Yalikuwa malori ya wanajeshi wetu yakielekea kaskazini. Walisimama, wakateremka, wakalisukuma lile lori lililokwama hadi likatoka, na mmoja wao, kijana sana, akaniambia, "Dada, amka, maji ya mtaro yana homa." Hakuna aliyecheka. Nilipoinuka magoti yalikuwa yanagongana, na yaliendelea kugongana hadi tulipofika.

Ofisi tuliyopelekwa Biharamulo ilikuwa imejaa watu hadi nje. Ofisa aliyetupokea alikuwa na macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alisoma muhtasari wangu wote, ukurasa kwa ukurasa, kisha akauliza, "Hizo sweta ziko wapi?"

Mgambo akanitazama. Mfumaji alikuwa anatazama sakafu.

"Wamevaa watoto waliotoka kaskazini," nilisema. Halafu, kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, nikasema, "Uzi niliununua mimi."

"Sema tena."

"Uzi niliununua mimi. Hapa hapa Biharamulo, dukani. Rangi nilichagua mimi."

Akarudi kwenye muhtasari, akaweka kidole mahali. "Hapa imeandikwa mchuuzi."

"Niliandika mimi."

"Kijijini ulisema kuwa ni wewe?"

"Hapana."

Hakuniuliza kwa nini. Alinitazama tu, na nadhani alikuwa ameshaona watu wengi wa namna yangu wiki ile. Akanipa karatasi akaniamuru niandike upya, nikaandika, nikatia sahihi. Nyuma ya karatasi akaandika mstari mmoja kwamba mama huyu hana kosa, arudi kwake, akagonga muhuri, akaita watu waliofuata. Jambo lililotuondoa kijijini tukiwa kama wafu lilimalizika katika muda wa kunywa kikombe cha chai. Nilitoka nje nikaegemea ukuta, nikalia, na mfumaji akasimama kando yangu akisubiri nimalize, kama mtu anayemsubiri mwenzake afunge viatu.

Tuliporudi mwenyekiti alisoma karatasi mbele ya watu. Hakuna aliyeomba radhi. Nami pia sikuomba, si mbele ya watu. Yule jirani alimpelekea mkungu wa ndizi, akautua mlangoni akaondoka kabla hajafunguliwa. Kwa miezi mingi mfumaji hakushika sindano. Alipozishika tena ilikuwa ni kwa uzi wa kijivu, na midomo yake aliifunga. Alihesabu kimoyomoyo, na kwa kuwa hakuzoea alikosea, ndiyo maana sweta za watoto wa miaka ile katika kijiji chetu zilikuwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Watu walitania. Mimi nilijua ni nini kilichofanya hivyo. Vita ilikwisha, redio ikatangaza ushindi, tukaimba na kucheza ngoma, na yeye aliendelea kuhesabu bila sauti.

Nimeyafikiri haya sana siku hizi, kwa sababu hofu ya namna ile haikuondoka na vita. Naiona katika simu za wajukuu zangu. Mtu anapiga picha ya mwanamke sokoni, anaandika kwamba huyu anaiba watoto, na kabla ya adhuhuri watu wa mikoa mitatu wanamtafuta mwanamke ambaye alikwenda kununua dagaa. Wanaotuma si watu wabaya. Ni wazazi. Mwenyekiti wetu alikuwa mzazi, yule jirani alikuwa mzazi aliyekwisha kuzika. Hofu ya kweli kwa ajili ya watoto ni kitu kitakatifu, na ndiyo maana ni rahisi sana kuielekeza kwa mtu aliyesimama peke yake. Na karibu kila mara yupo mmoja kati ya watazamaji anayejua kwamba si kweli, naye ameketi, ana daftari magotini, anasubiri watu watulie.

Miaka mingi baadaye, kwenye harusi ya binti wa mfumaji, nilijikaza nikalitaja jambo lile. Tulikuwa tumekaa nyuma ya nyumba tukimenya ndizi. Nilimwambia kwamba maisha yangu yote nimemshukuru kimoyomoyo kwa kunificha siku ile, kwa kubeba mzigo wangu mbele ya watu wote. Aliendelea kumenya. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi sikukuficha. Nilipoulizwa, nilikutafuta kichwani nisikuone. Jina lako lilikuwa limefutika. Ningelikumbuka ningelisema."

Sijui kama huo ulikuwa ukweli, au ulikuwa ukarimu mwingine wa mtu aliyeona mzigo wa shukrani umenielemea akaamua kuutua. Nimeligeuza neno hilo kwa miongo kadhaa na sasa mwenye jibu amezikwa Ntobeye. Lakini vyovyote iwavyo, limeniondolea kisingizio. Nilikuwa nimejizoesha kusimulia habari ile kama habari ya ushujaa wake, kwa sababu ushujaa wa mwingine ni blanketi zuri la kufunika woga wako. Kumbe ghalani mle tulikuwamo waoga wawili, tofauti yetu ni kwamba mmoja alikuwa amesimamishwa na mwingine amekalishwa kwenye benchi.

Funzo ninalowaachia ni dogo, wala sikulipata kwa wema wangu. Tunaambiwa tungoje hofu ipite ndipo tuseme. Haipiti. Nilisema Biharamulo magoti yakigongana vilevile kama ambavyo yangegongana ghalani. Nilichopata kwa kungoja ni aibu tu, na mwenzangu alipata safari ya pori. Kwa hiyo kama unalijua neno linaloweza kumtoa mtu katikati ya watu waliomzunguka, liseme pale pale, kwa sauti mbaya, kwa ulimi mkavu, ukitetemeka. Anayekusikiliza hatakumbuka kwamba ulitetemeka.